UZI: Dhoruba huja Aprili, na Aprili ndiyo ghala tupu. Vijiji vya pwani tujipangeje na chakula?

Mwana wa Delta (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, hasa nyie wa Kibiti, Rufiji, Mafia, Kilwa, Lindi na Mtwara. Wa Unguja, Pemba na ndugu zetu wa Kenya karibuni pia, bahari yetu ni moja.

Tangu Kimbunga Hidaya kitue Mafia tarehe 4 Mei 2024, nimekuwa nikirudi kwenye kalenda. Kimbunga kilicholaza mikarafuu ya Unguja kilikuja 15 Aprili 1872. Kilichoipiga Lindi kilikuja 15 Aprili 1952. Kenneth, kile ambacho watu wa Mtwara walitakiwa wahame makazi kabla hakijaangukia Cabo Delgado upande wa Msumbiji, kilikuwa 25 Aprili 2019. Mafuriko ya Rufiji na Kibiti yaliyozamisha mashamba na nyumba yalikuwa Aprili 2024. Barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika pale Somanga kwa mvua za Hidaya, ikakatika tena Somanga Aprili 2025.

Sasa iwekeni kalenda hiyo karibu na jiko. Mwezi huohuo, kwetu Rufiji na Kibiti, mahindi ya masika bado mabichi shambani na ya mwaka jana yamekwisha. Pesa ya korosho iliingia kati ya Oktoba na Desemba, ikalipa ada, mabati na madeni. Kaskazi imekata, kusi linaanza kuchafua bahari, ngalawa na mitumbwi inabaki ufukoni. Hatari kubwa ya mwaka inatukuta katika wiki ambazo kaya nyingi hazina akiba ya zaidi ya siku mbili tatu. Hilo ndilo ninalotaka tulijadili, maana mipango mingi ya maafa ninayoiona inahesabu watu wa kuhamisha, na haihesabu watakachokula siku ya tano.

Upande wa tahadhari tumepiga hatua, nalisema kwa moyo mmoja. Watu wa Lindi mwaka 1952 walishtukizwa. Kwa Hidaya, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa mapema, boti za Zanzibar zikasimamishwa, wavuvi wakavuta vyombo juu, spika za misikiti zikatangaza. Maisha yaliokolewa. Lakini tangazo la "msiende baharini" katika kijiji cha wavuvi maana yake ni kwamba kuanzia leo hakuna kitoweo wala hela ya unga. Kamati inayotoa tangazo hilo ingepaswa, katika kikao kilekile, kusema unga wa wiki hiyo uko wapi.

Na unga wenyewe hautoki pwani. Unatoka Songea, Makambako, Sumbawanga, unakuja kwa lori. Akiba ya taifa chini ya NFRA, wakala wa hifadhi ya chakula, nayo sehemu kubwa iko kwenye kanda zinazolima, na ghala lake lililo karibu nasi ni Kipawa, Dar es Salaam. Somanga ikikatika, kati ya Kipawa na Kilwa Masoko kuna maji. Mafia ndiyo zaidi: mzigo unapita Nyamisati kwenda Kilindoni kwa chombo, na bahari ikichafuka hakuna chombo. Kwa hiyo taifa linaweza kuwa na mahindi tele na kisiwa kikakosa unga, bila mtu yeyote kufanya uzembe. Ni jiografia. Akiba ya siku za mwanzo inapaswa kulala upande huu wa maji, kijijini.

Wazee wetu wa Bonde la Rufiji walilijua hili. Walilima mlau, yaani maji ya mafuriko yakishuka wanapanda kwenye tope lililobaki na unyevu, wakavuna wakati wengine wanangoja mvua. Waliishi juu ya dungu, nyumba ya miguu mirefu, mafuriko yakipita chini. Gharika kwao ilikuwa hatari na pia ndiyo iliyoleta rutuba. Mwaka 1968 Operesheni Rufiji ilipowahamisha watu kutoka bondeni kwenda juu, nia ilikuwa kuwaokoa na mafuriko, ila walitenganishwa na mashamba ya mlau, na wengi wakawa wanatembea umbali mrefu kuyafuata. Kila nikisikia leo mpango wa "kuwatoa watu mabondeni" nauliza kwanza: na shamba lao je? Anayehama na kuacha chakula nyuma atarudi, hata mkimwekea askari.

Napendekeza tuanze na debe moja kwa kaya. Fanyeni hesabu nami. Mgao wa kawaida wa nafaka wakati wa dharura ni kama gramu 400 kwa mtu kwa siku. Kaya ya watu 5 kwa siku 10 ni kilo 20, ambayo ni debe la mahindi na ziada kidogo. Kijiji cha kaya 300 ni tani 6, magunia 60 ya kilo mia. Magunia 60 yanaenea kwenye chumba kimoja! Kiasi hicho hakimalizi njaa, ila kinanunua siku 10 za barabara kutengenezwa au bahari kutulia.

Ghala pia tunalo. Vijiji vingi vya korosho vina ghala la AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, na minada ikishapita ghala hilo hukaa tupu miezi kadhaa, Aprili ikiwemo. Mkutano mkuu wa kijiji na chama cha msingi wakikubaliana kwa maandishi, chumba kimoja cha akiba hakimnyimi mtu korosho yake.

Na kupikia umma hatuhitaji kufundishwa. Pwani hii mtu akifiwa asubuhi, jioni watu mia tatu wamekula. Sufuria kubwa zipo, turubai zipo, wapishi wa pilau wanajulikana kwa majina, mwenye kuni anajulikana, kamati ya mazishi ina daftari. Nimeona mipango ya maafa ya kurasa nyingi isiyotaja hata mmoja wa watu hawa. Kamati ya maafa ya kijiji ikikaa bila mpishi wa shughuli, bila mwenye duka, bila nahodha na bila mama wa kuchokoa pweza, imeacha nje watu wote wanaojua chakula kinapita wapi.

Leteni uzoefu wa kwenu. Haya yamewezekana wapi, yamekwama wapi?

---

KilwaMoja

Mkuu heshima kwako, ila mimi napinga hapo kwenye debe. Maafa ni kazi ya serikali, ndiyo maana tunalipa kodi. Leo ukimwambia mwananchi mwenye mashimo kwenye bati atoe debe, kesho serikali itasema "mna akiba yenu" na msaada utachelewa zaidi. Pili, akiba za vijiji tumeshaziona. Ghala linajengwa, mwenyekiti anakaa na ufunguo, mwaka wa pili mahindi hayaonekani na hakuna wa kuulizwa.

---

Bi Ng'onda

Assalaam alaikum. Mie niko kwenye biashara ya samaki mkavu, niseme la baharini maana mwanzisha uzi kakazana na mahindi.

Ng'onda haifanyiki Aprili. Masika hakuna jua la kukausha, samaki anaoza kwenye chanja. Ng'onda inafanywa Januari mpaka mwanzo wa Machi, kaskazi ikiwa tulivu, samaki wengi, jua kali. Wakati huo samaki anashuka bei pale dikoni mpaka mvuvi anaumia. Basi wakati huo ndio wa kuweka akiba. Kikundi cha kina mama kikipewa mtaji mdogo kinanunua siku ya samaki wengi, kinapasua, kinatia chumvi, kinakausha juu ya chanja (msianike chini mchangani, jamani), kinafunga vizuri. Aprili ikifika kijiji kina kitoweo. Ugali mtupu siku kumi kwa watoto na wajawazito si mpango wa chakula.

La pili, pweza. Wa Songosongo na Mafia wanajua habari ya kufunga miamba. Mnafunga eneo kama miezi mitatu, pweza anakua haraka sana, maisha yake yote ni kama mwaka tu na kidogo, mkifungua mnatoa wakubwa. Sasa angalieni: baada ya dhoruba, mashua zimevunjika, nyavu zimepotea, lakini bamvua ikija, maji yakapwa sana, mwamba unatoka, na mwanamke mwenye kijiti chake anakwenda kwa miguu. Chakula cha kwanza kutoka baharini baada ya kimbunga kinaletwa na mtu asiye na chombo. Kwa hiyo wanaopanga tarehe za kufunga na kufungua wakae meza moja na wanaopanga maafa, kibaki kipande cha mwamba kilichofungwa mpaka masika ipite. Si cha kuuza kwa mfanyabiashara wa mjini, ni cha kijiji.

Tahadhari moja: mafuriko yakiwa yameshuka na mto, chaza na kombe wa karibu na mdomo wa mto msiwaguse mpaka maji yasafike. Vyoo vyote vya juu vimeshukia hapo. Kipindupindu kinaanza hivyo.

---

Mzee wa Mikorosho

Naunga mkono hoja ya ghala la AMCOS, nimekuwa mwanachama miaka mingi. Ila wakati wa kukusanya ndio tatizo. Pesa yetu inakuja Novemba, mahindi yana nafuu Julai na Agosti. Ukikata senti kidogo kwa kila kilo ya korosho, kwa azimio la mkutano mkuu, utanunua mahindi Desemba kwa bei mbaya. Na ukingoja Julai, pesa ile ikikaa kwenye akaunti itapata matumizi mengine, tunajuana.

Halafu mahindi pwani yanaharibika. Joto na unyevu huu si wa Songea. Fukusi na dumuzi watakula magunia yenu 60 kabla kimbunga hakijafika. Makopa, yaani muhogo mkavu, nayo dumuzi anayapenda kuliko hata mahindi.

---

Mwana wa Delta

Nashukuru sana, hasa wanaopinga. Nianze na KilwaMoja, maana hoja yake ni nzito.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Kwa hiyo kijiji kujipanga ni sehemu ya mfumo wa serikali, na wajibu wa serikali kuleta msaada hauondoki. Ninachoogopa zaidi ya msaada kuchelewa ni msaada kufika bila taarifa. Nimeshuhudia taasisi moja ikileta maharage makavu mahali ambapo kuni zote zilikuwa zimelowa. Maharage yanachemka saa ngapi, kwa moto upi? Kijiji chenye daftari la kaya, watoto wachanga, wagonjwa wa dawa za kila siku, akiba iliyopo na itakayoisha lini, kinaomba kitu mahususi na kinapewa haraka. Akiba yetu inatupa nafasi ya kuomba tukiwa tumesimama.

Kuhusu ufunguo: vikundi vya hisa vya kina mama vimelimaliza tatizo hili zamani. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, halifunguliwi mpaka wote wako mbele ya wanachama. Ghala lifanywe vivyo hivyo. Ufunguo mmoja kwa kamati ya kijiji, mmoja kwa AMCOS au BMU (kikundi cha usimamizi wa fukwe), mmoja kwa kikundi cha kina mama. Idadi ya magunia iandikwe ukutani kwa rangi, nje, kila mtu aisome akipita. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, basi taarifa ya ghala iwe ajenda ya kudumu, isomwe kabla ya mapato na matumizi.

Na yaandikwe masharti ya kufungua. Mathalani: Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari kubwa kwa mkoa wetu, au barabara ikikatika na kupita siku tatu, au chombo cha Kilindoni kisipokwenda siku kadhaa zilizokubaliwa. Yakitimia, ghala linafunguliwa bila kusubiri simu ya mtu yeyote. Yasipotimia, halifunguliwi hata akija mgombea.

Mzee wangu wa mikorosho, shikamoo. Hapo kwenye wakati umenigusa. Nadhani tusikusanye pesa kabisa pale inapowezekana. Anayelima atoe debe la mahindi Julai akivuna. Mwenye muhogo atoe makopa kipindi cha kiangazi, jua la Juni hadi Septemba linakausha vizuri. Mvuvi atoe ng'onda Februari kama Bi Ng'onda alivyosema. Mwenye duka asitoe kitu, akubali tu kwa maandishi kwamba kuanzia katikati ya Machi stoo yake haitashuka chini ya kiasi fulani, na kijiji kitamlipa kwa bei ya siku hiyo, siyo ya mafuriko. Korosho ichangie mifuko, dawa ya maji na ukarabati wa paa.

Mdudu: iko mifuko ya kinga njaa, ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Ukiifunga vizuri mdudu aliyemo anakosa hewa, anakufa bila dawa. Lakini mahindi yawe makavu kwelikweli, unyevu usizidi asilimia 13.5, la sivyo unafungia sumukuvu ndani, na hiyo tuliona Dodoma na Manyara mwaka 2016 ilivyoua watu. Kipimo cha kijijini: chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Na yasilale mpaka mwaka wa pili. Juni ikiingia bila maafa, kila kaya ichukue debe lake ile, ilete jipya mwezi unaofuata. Hiyo nayo inapunguza ule wasiwasi wa "mahindi yametoweka", maana kila mtu anakwenda kulishika la kwake mara moja kwa mwaka.

---

Amu Mkunguni

Natoka Lamu. Huku mvua za El Niño mwishoni mwa 2023, Mto Tana ulipofurika barabara ya Garsen kuja Lamu ikafungwa na maji, magari yakakwama, bei za dukani zikapanda. Kisiwa kinapata kila kitu kupitia Mokowe. Tofauti yetu na nyinyi ni kuwa wasiwasi wetu mkubwa ni mvua za Oktoba hadi Desemba kama za mwaka ule, basi debe lenu sisi tungelijaza kufikia Septemba. Kila kijiji kiangalie historia yake, kisinakili mwezi wa jirani.

Jambo jingine: Kenya pesa ya msaada mara nyingi hutumwa kwa simu. Ni vizuri, ina heshima, mtu anachagua. Lakini duka likiwa halina unga, pesa ya simu hailiki, na mtandao ukikatika hata kuitoa huwezi. Hilo la mkataba na wenye maduka ndilo nitakalolipeleka kwetu kwa chifu na wazee.

---

Mpemba wa Bandarini

Wenzangu wa Bara mna mahindi, sie chakula chetu mchele, na mwingi wake unakuja kwa meli. Meli zikizuiliwa wiki, bandarini pananuka wasiwasi. Kwa hivyo kwetu mimi natetea muhogo, ndizi na majimbi. Muhogo unajiweka wenyewe ardhini, hauhitaji ghala, hauna ufunguo wa kuibiwa. Upepo ukiangusha migomba yote, muhogo uko chini unakungoja. Ila mabonde yanayoingia maji ya chumvi siku za bamvua kubwa msiutegemee, unaoza.

Na mbegu! Nashangaa hakuna aliyetaja mbegu. Mafuriko yakishaondoka mtu ana ardhi yenye maji, msimu haujesha, hana cha kupanda. Siku kumi za unga mmepanga, na miezi minne baada ya hapo?

---

Mwana wa Delta

Mkuu wa Pemba, umenipa kilichokuwa kinakosekana. Kwa bonde letu mbegu baada ya mafuriko ndiyo mlau wenyewe: maji yakishuka mwezi wa tano au wa sita, mwenye mbegu anapanda, asiye nazo anaangalia unyevu ukipotea. Kwa hiyo kwenye kile chumba ziwekwe pia kunde, mahindi ya muda mfupi na mbegu za maboga, kwenye mifuko yake, zisichanganywe na za kula.

Muhogo, naongeza angalizo. Pwani yetu ndiyo nyumbani kwa michirizi ya kahawia, ule ugonjwa unaoacha majani yakionekana mazima huku mzizi umeoza ndani. Mtu anadhani ana akiba ardhini, akichimba Aprili anakuta makovu meusi. Tafuteni vijiti vya aina zinazovumilia, kama Kiroba, kutoka kwa maafisa ugani au vituo vya utafiti vya Kibaha na Naliendele, na kila kaya ichimbue mashina machache Januari kukagua. Chimbeni mapema kama umeanza kuharibika, kausheni makopa kabla ya mvua.

---

KilwaMoja

Nimesoma yote. Bado sijashawishika kuhusu serikali, lakini kufuli tatu na magunia kuandikwa ukutani naweza kuyasimamia. Swali la mwisho: asiyekuwa na debe? Mjane, mzee asiyelima, kijana mvuvi wa dago aliyekuja msimu tu. Ghala likifunguliwa mtawafukuza?

---

Mwana wa Delta

Hapana, na hilo liandikwe la kwanza kabisa kabla ya debe la kwanza kupokelewa. Chungu kikiwekwa, aliyepo kijijini anakula, awe amechangia au la, awe mwenyeji au wa dago. Mnajua vilevile hitimani hatuulizi mtu alitoa rambirambi kiasi gani. Asiye na debe atachangia kazi kama anaweza: kukausha, kupanga magunia, kubeba maji, kupiga mbiu kitongojini kwake. Asiyeweza hata hayo, jina lake linakaa juu ya orodha, maana huyo ndiye wa kupelekewa chakula mlangoni.

Mvuvi wa dago ana faida kubwa kwenu, mkuu. Ana chombo, ana nguvu, anaijua bahari ya hapo na ya alikotoka. Mwandikeni kwenye daftari akishusha tanga.

Sasa tuko Januari. Kwa wanaotaka kuanza mwaka huu bila kungoja mavuno ya Julai, naona mambo yanayowezekana kabla ya Aprili ni ng'onda, mkataba na wenye maduka, daftari la kaya, vyombo safi vya kuhifadhia maji na dawa ya kuyatibu (hesabuni lita 15 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika na kuoga), na kukagua paa la ghala. Pelekeni haya kwenye mkutano mkuu ujao. Nitaweka hapa kesho mfano wa ukurasa wa daftari tunaoutumia: jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, wachanga, wajawazito, wenye dawa za kila siku, chombo kama kipo, na mlima au jengo watakalokimbilia. Bi Ng'onda, tafadhali tuandikie kipimo cha chumvi kwa kilo ya samaki, wapo walioniuliza pembeni.

---

Bi Ng'onda

Nitaandika inshallah, na nitaweka na picha za chanja. Wa Kibiti wanaotaka kuja kuona kwa macho waje kabla Februari haijaisha, maana Machi ikianza kuleta mawingu siwashauri tena kuanika.